Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kujisomea na Kujipima kwa Wanafunzi wa Uuguzi na Ukunga

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa astashahada na stashahada ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania, ingawa mwanafunzi wa Kenya au Uganda ataona kwamba sehemu kubwa inamhusu pia. Maswali ni yale ambayo wanafunzi huuliza darasani, kwenye korido za wodi na, mara nyingi zaidi, usiku wa kuamkia mtihani. Majibu yanahusu namna ya kusoma. Palipotajwa dozi au kipimo, mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika katika kituo chako ndio wenye kauli ya mwisho.

Nimefanya mitihani yote ya miaka iliyopita na bado nimefeli. Nimekosea wapi?

Kuifanya hukukosea, yaelekea umeikariri. Swali zuri la uuguzi haliulizi tiba ya ugonjwa, bali linauliza tiba ya mgonjwa huyu, mwenye umri huu na uzito huu, katika saa hii. Mtunzi wa mtihani akitaka kumtenganisha aliyeelewa na aliyekariri, habadilishi swali zima. Hubadilisha mstari mmoja tu.

Chukua mfano wa mtoto wa miezi 10 mwenye kilo 8 aliyeletwa akiharisha, akiwa amelegea kabisa, macho yamezama, hawezi kunywa, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole sana. Kila mwanafunzi anajua kwamba huyu ni wa Mpango C, yaani matibabu ya upungufu mkubwa wa maji mwilini. Kwa kuwa hajatimiza mwaka, atapewa ringa lakteti kwa njia ya mshipa, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 1 ya kwanza, yaani mililita 240, kisha mililita 70 kwa kila kilo ndani ya saa 5 zinazofuata, yaani mililita 560. Angekuwa ametimiza mwaka mmoja, viwango vingebaki vile vile lakini muda ungepungua na kuwa nusu saa, kisha saa 2 na nusu. Hapo tayari umri umebadilisha jibu.

Sasa ongeza mstari mmoja: mzunguko wa mkono wake ni sentimita 10.8 na miguu yote miwili imevimba. Mtoto huyu ana utapiamlo mkali, na jibu ulilokariri linaweza kumuua. Moyo wake ni dhaifu, mwili wake umehifadhi chumvi kupita kiasi, na maji mengi yanayoingia kwa kasi yanaweza kuufanya moyo ushindwe kusukuma. Zaidi ya hayo, macho yaliyozama na ngozi inayorudi polepole si dalili za kutegemewa kwa mtoto aliyekonda, kwa sababu anaweza kuwa nazo hata asipokuwa amepungukiwa maji. Huyu hupewa ReSoMal, maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa ajili ya wenye utapiamlo mkali, kwa mdomo au kwa mpira wa puani, mililita 5 kwa kila kilo kila baada ya dakika 30 kwa saa 2 za kwanza, huku pumzi na mapigo yake yakihesabiwa kila mara, na dripu huwekwa tu akiwa katika mshtuko wa kupungukiwa damu kwenye viungo.

Kwa hiyo, ukimaliza swali lolote la mtihani uliopita, usifunge daftari. Libadilishe mwenyewe: mgonjwa awe mjamzito, awe mtoto mchanga, awe na ugonjwa wa figo, dawa itolewe kwenye msuli badala ya mshipa. Kisha andika, kwa sentensi kamili, kwa nini kila jibu lisilo sahihi si sahihi. Mitihani mitano iliyosomwa hivi ina faida kuliko hamsini iliyokaririwa, na inachosha zaidi, jambo ambalo ndilo sababu ya wengi kuikwepa njia hii.

Namba ni nyingi mno. Zipi nizishike kichwani?

Shika zile utakazozihitaji kabla hujapata nafasi ya kufungua kitabu. Mtu mzima aliyetulia ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, presha huitwa ya kupanda kuanzia 140/90, ikithibitishwa kwa kupimwa zaidi ya mara moja. Mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni ni 110 hadi 160. Mtoto anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika ikiwa hajafikisha miezi 2, pumzi 50 ikiwa ana miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5. Hesabu hiyo hufanywa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ni njia ya mkato inayozaa nimonia ambayo haipo, au kuificha iliyopo.

Chanjo nyingi na oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8. Kipimo cha fahamu cha Glasgow huanzia 3 na kuishia 15, na kila mwaka nasahihisha karatasi zenye sifuri, ilhali hata mtu asiyejibu lolote hupata 3.

Hesabu za dawa zinanishinda. Je, kuna kanuni moja ya kunitoa?

Kanuni ipo, na ni rahisi: kiasi unachotaka kumpa mgonjwa, gawanya kwa kiasi kilichopo, kisha zidisha kwa ujazo ambamo kiasi hicho kimo. Mtoto wa kilo 12 anayehitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anatakiwa kupata miligramu 180. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, basi 180 gawanya kwa 120, zidisha kwa 5, ni mililita 7.5.

Hata hivyo, nimesahihisha makosa mengi ya hesabu, na ni machache mno yaliyotokana na kutojua kanuni. Mengi hutokana na vipimo kutolingana. Mwanafunzi hugawanya gramu kwa miligramu, au huacha saa mahali palipotakiwa dakika. Dripu ya mililita 1000 inayotakiwa kuisha ndani ya saa 8, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, huhesabiwa kwa kuzidisha 1000 kwa 20 na kugawanya kwa dakika 480, jibu likawa matone 42 kwa dakika baada ya kukadiria. Mwanafunzi mmoja aligawanya kwa 8 akapata matone 2500 kwa dakika, akaliandika jibu, akalipigia mstari mara mbili na kuendelea na swali lililofuata. Hakuna dripu duniani inayodondosha matone 2500 kwa dakika. Ndiyo maana nawataka wanafunzi wakadirie jibu kabla ya kukokotoa: lita moja kwa saa 8 ni kama mililita 125 kwa saa, zaidi kidogo ya mililita 2 kwa dakika, kwa hiyo matone yatakuwa arobaini na kitu. Jibu likitoka nje ya makadirio hayo, kosa limo ndani ya hesabu, na ni lazima ulitafute. Kwa seti ya matone madogo, inayotoa 60 kwa mililita, huhitaji hata kukokotoa, kwa kuwa idadi ya matone kwa dakika ni sawa na idadi ya mililita kwa saa.

Eneo la pili la matatizo ni asilimia na uwiano. Asilimia 1 maana yake ni gramu 1 katika mililita 100, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Dekstrozi ya asilimia 5 basi ina gramu 5 katika mililita 100, na chupa ya nusu lita ina gramu 25. Adrenalini ya 1 kwa 1000 ina miligramu 1 katika mililita 1, na ile ya 1 kwa 10,000 ina sehemu ya kumi ya hiyo. Tofauti ya sifuri moja ni tofauti ya dozi mara kumi, na chupa zake zinaweza kukaa kwenye trei moja.

Anayeelewa asilimia hatahangaika na magnesiamu salfeti, dawa ambayo mtunzi wa mtihani wa ukunga hawezi kuiacha. Chupa ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 50 ina gramu 5. Mama mwenye kifafa cha mimba huanza kwa gramu 4 zenye nguvu ya asilimia 20 kwenye mshipa, polepole: unavuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano, zinakuwa mililita 20. Papo hapo hupewa gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako, na baada ya hapo gramu 5 kila saa 4 kwa kubadilisha upande. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, hakikisha pumzi si chini ya 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Mkojo unaulizwa kwa sababu dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikilala, dawa inajikusanya, goti linaacha kuruka, na hatimaye pumzi inakoma. Kalsiamu glukoneti gramu 1 ndiyo kiondoa sumu, na inapaswa kuwa tayari pale kitandani, si stoo. Mwanafunzi aliyeelewa mlolongo huo hana haja ya kukariri yale masharti matatu, kwa kuwa yatajileta yenyewe.

Mfano wa mwisho ni artesuneti ya malaria kali. Chupa ya miligramu 60, ikishachanganywa kwa ajili ya mshipa, ina miligramu 10 katika mililita 1. Ikichanganywa kwa ajili ya msuli, ina miligramu 20 katika mililita 1. Mtoto wa kilo 15, kwa kuwa hajafikisha kilo 20, hupata miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 45. Ni mililita 4.5 kwenye mshipa, lakini ni mililita 2.25 tu kwenye msuli. Mtihani ukikuuliza mililita bila wewe kuangalia njia ya kutoa, utajibu swali la mgonjwa mwingine.

Jik, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, inachanganywaje ili kupata nguvu ya asilimia 0.5?

Gawanya nguvu uliyonayo kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni idadi ya sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik ya asilimia 3.5 inahitaji sehemu 6 za maji. Ya asilimia 5 inahitaji 9. Soma chupa kwanza, maana wanafunzi wengi wamekariri "sita kwa moja" bila kujua sita hiyo ilitoka wapi.

Maswali ya kipaumbele, yale ya "utamhudumia nani kwanza", hujibiwaje?

Hapa ndipo wanafunzi wenye bidii hupoteza alama nyingi, kwa sababu wote watatu au wanne waliotajwa wanahitaji huduma na moyo wa huruma unamkimbilia anayelia. Anza na njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu. Mgonjwa anayepiga kelele ana njia ya hewa iliyo wazi. Aliyenyamaza ndiye wa kutiliwa shaka.

Tuseme unaingia zamu wodi ya wazazi. Kitanda cha kwanza kuna mama aliyefanyiwa upasuaji jana, analalamika kwamba kidonda kinauma sana. Cha pili kuna mama mwenye joto la nyuzi 38.2, siku ya tatu baada ya kujifungua. Cha tatu kuna mama aliyejifungua saa 1 iliyopita, amelala kimya, presha 100/60, mapigo 124, na kanga aliyolalia imelowa. Wengi humchagua wa pili kwa sababu homa baada ya kujifungua imesisitizwa darasani, na kweli inahitaji kushughulikiwa mapema. Wengine humwacha wa tatu kwa kuwa "presha yake bado ipo".

Presha ipo kwa sababu mwili wake ungali unapambana. Damu inapopungua, moyo huongeza kasi na mishipa hubana, hivyo mapigo hupanda kwanza na presha hushuka baadaye, pengine baadaye sana kwa msichana mwenye afya. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: 124 kwa 100 ni 1.24, na kwa mama aliyejifungua namba hiyo ikizidi 0.9 ni ishara ya hatari. Huyu anavuja damu. Unaita msaada kwa sauti, unakanda mji wa mimba, unahakikisha kibofu kimetoka mkojo kwa kuwa kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kukaza, na unaweka dripu na oksitosini huku mwenzako akitafuta chanzo: mji wa mimba uliolegea, mchaniko, mabaki ya kondo, au damu isiyoganda. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iache kuvuja, gramu 1, ina nafasi yake ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima damu kwa kifuko maalumu chenye alama, badala ya kuikadiria kwa macho, na kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, kunapunguza sana uvujaji mkubwa wa damu. Sababu ya kuutaja hapa ni ya mtihani pia. Wanafunzi wamezoea kuandika hatua kana kwamba ya pili husubiri ya kwanza ishindwe, na sasa jibu la namna hiyo limepitwa na wakati.

Kitabu kimoja kinasema uchungu wenyewe huanza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, kingine sentimita 5. Nijibu nini?

Vyote viwili viliandikwa na watu wenye sababu. Mistari ya tahadhari na ya kuchukua hatua katika patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ilibuniwa na R. H. Philpott na W. M. Castle waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, wakachapisha kazi yao mwaka 1972. Lengo lilikuwa kumsaidia mkunga aliye mbali na hospitali ajue mapema ni mama yupi apelekwe. Patografu iliyotumika kwa muda mrefu katika vituo vyetu huanza kuchorwa sentimita 4, ikitarajia mlango wa kizazi ufunguke sentimita 1 kila saa, na mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 upande wa kulia wa mstari wa tahadhari.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya yanayohesabu uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5, na kusema kwamba kufunguka polepole kuliko sentimita 1 kwa saa, peke yake, hakutoshi kuwa sababu ya kuharakisha uchungu. Fomu mpya inayofuata mapendekezo hayo ilitolewa mwaka 2020. Katika mtihani, jibu kwa kufuata fomu iliyochapishwa kwenye karatasi ya swali. Ukiulizwa kwa maelezo bila fomu, taja unatumia mwongozo upi, na msahihishaji makini hatakunyima alama. Jambo ambalo halijabadilika ni hili: mama aliye zahanati akivuka mstari wa tahadhari, swali la kwanza ni umbali wa hospitali na upatikanaji wa gari.

Tunafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wanasema Kiswahili. Je, nisome mara mbili?

Ndiyo, na hakuna njia ya kulikwepa hilo. Mwanafunzi anayeweza kutaja dalili kumi za nimonia kwa lugha ya mtihani, kisha akashindwa kumwelewa mama anayesema mtoto "anabanwa na kifua" au "mbavu zinaingia ndani", hajajua dalili hata moja. Nashauri daftari lenye safu mbili: upande mmoja istilahi ya kitabu, upande wa pili maneno uliyoyasikia mwenyewe wodini. "Chupa imepasuka" ni maji ya uzazi yaliyotoka. "Mtoto hachezi" ni taarifa ya kufanyiwa kazi hapo hapo. "Moyo unaenda mbio", "naona kizunguzungu nikisimama" na "macho yanaona nyota" kila moja ina mahali pake kwenye kitabu, na ile ya mwisho kwa mjamzito inakupeleka moja kwa moja kwenye kipima presha na kipimo cha mkojo.

Yapo maneno yanayodanganya. Mtu akisema "nina malaria", mara nyingi anamaanisha ana homa au mwili unamuuma, si kwamba amepimwa. Akisema "presha", muulize ya kupanda au ya kushuka, kisha upime bila kujali jibu. "Tumbo" huweza kuwa kuhara, maumivu ya hedhi, kiungulia au uchungu wa uzazi; omba aoneshe kwa mkono. Na lipo neno degedege, ambalo kitabuni ni kukakamaa na kutikisika kwa mtoto mwenye homa kali au malaria iliyofika kwenye ubongo, ilhali katika familia nyingi ni jambo lenye maelezo mengine kabisa, la shetani au la ndege wa usiku, na tiba yake huanzia kwa mganga. Ukimcheka mama aliyepitia huko kwanza, hatakwambia mtoto alipewa nini wala alikaa muda gani bila matibabu, na hizo ndizo taarifa mbili unazozihitaji zaidi. Swali la mtihani kuhusu kuchukua historia ya mgonjwa limejibiwa nusu pale mwanafunzi anapokumbuka jambo hilo.

Nimepakua programu ya simu yenye maelfu ya maswali ya NCLEX. Je, inanifaa?

Inafaa kwa kujifunza kufikiri, hasa maswali ya kipaumbele, kwa kuwa watunzi wake ni hodari katika kuandika majibu manne yanayofanana na ukweli. Lakini huo ni mtihani wa leseni wa Marekani, na umejengwa juu ya hospitali zao. Sukari ya damu huandikwa kwa miligramu kwa desilita, wakati mashine zetu nyingi husoma milimoli kwa lita; gawanya yao kwa 18, na 90 yao inakuwa 5.0 yetu. Joto lao la 100.4 ni nyuzi 38 zetu. Kilo moja ni paundi 2.2. Parasetamoli kwao huitwa acetaminophen, adrenalini ni epinephrine, salbutamoli ni albuterol, pethidini ni meperidine. Ukiyakuta majina hayo katika mtihani wa chuo chako, kuna mtu kanakili swali bila kulisoma.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba maswali hayo hudhani daktari yuko umbali wa simu moja na kila dawa iko kabatini. Muuguzi wa zahanati ya kijijini hujibu swali tofauti: nifanye nini wakati gari la wagonjwa liko njiani? Kwa anayepanga kwenda kufanya kazi Marekani, aijue hivyo hivyo ilivyo: hufanywa kwa kompyuta, na kwa sasa idadi ya maswali huanzia 85 na haizidi 150, ikitegemea unavyojibu.

Katika mtihani wa vitendo wa vituo nasahau kila kitu kengele ikilia. Nifanyeje?

Mtahini ana orodha ya hatua mkononi, na hatua asiyoiona au kuisikia haiwezi kupata alama. Sema unachofanya huku ukikifanya. Anza na salamu: aliyelala kitandani akiwa wa umri wa mama yako, "Shikamoo mama, naitwa fulani, ni mwanafunzi wa uuguzi" ni heshima, na pia ni alama. Kisha eleza unachotaka kufanya, omba ridhaa, funga pazia. Kunawa mikono kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30. Kugusisha vidole kwenye bomba na kusema "nimenawa" humuudhi mtahini kuliko kusahau kabisa.

Kituo kinachoangusha wengi ni cha mtoto mchanga asiyepumua. Wanafunzi husimama wakihesabu alama za Apgar, kipimo alichokibuni Virginia Apgar mwaka 1952, ilhali alama hizo hutolewa dakika ya 1 na ya 5 na huduma haizisubiri. Mkaushe, mpe joto, safisha njia ya hewa kama ina uchafu, msisimue kwa kumsugua mgongo. Asipopumua, anza kumpulizia kwa ambu (mfuko wa kusukuma hewa) na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika, na uangalie kifua kinainuka. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa na barakoa kabla ya kupuliza tena kwa nguvu zaidi.

Njia ya kujiandaa ni kurudia kwa mikono. Kaeni watatu: mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, mmoja mtahini mwenye saa na orodha. Aliye mtahini ndiye hujifunza zaidi, kwa hiyo msiache mtu mmoja ashike nafasi hiyo kila siku.

Nikiwa zamu sipati muda wa kusoma. Na je, naweza kupiga picha faili la mgonjwa nikasomee bwenini?

Picha hapana, hata ukifunika jina. Faili ni siri ya mgonjwa, na simu hupotea, huazimwa na huunganishwa na makundi ya mitandao ya kijamii. Badala yake, chagua mgonjwa mmoja kila zamu na uandike kwenye daftari bila jina, namba wala kijiji: umri, tatizo, dawa zake, na maswali matatu uliyoshindwa kuyajibu. Usiku soma hayo matatu tu. Mgonjwa mmoja mwenye kisukari na kidonda mguuni atakufikisha kwenye mishipa ya fahamu, insulini, lishe, usafi wa kidonda na elimu kwa familia, na kesho yake utamkuta pale pale umuulize zaidi.

Je, kikokotoo kinaruhusiwa?

Kila chuo kina taratibu zake za mtihani. Uliza kabla ya siku yenyewe. Wodini, simu yako ina kikokotoo na hakuna aibu kukitumia, ila dozi ya mtoto na dawa za hatari kama insulini, magnesiamu na potasiamu zihesabiwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe majibu. Yasipolingana, sindano inabaki kwenye trei mpaka mjue nani amekosea.